Nani Anasoma Daftari la Presha la Jjajja?

Ukitaka kujua kama makao ya wazee yanapima kweli, achana na mashine iliyo mezani, omba daftari. Chukua vipimo mia moja vya presha vya karibuni, utazame tarakimu ya mwisho ya namba ya juu. Mashine ya mshale ina mistari ya kila milimita mbili, kwa hiyo inatoa namba shufwa tu, na 0, 2, 4, 6 na 8 zingetarajiwa kujitokeza kama mara ishirini kila moja. Mashine ya betri hutoa tarakimu zote kumi, kila moja mara kumi hivi. Ukikuta sifuri sabini, mtu alikuwa anakadiria: 120 kwa 80, 130 kwa 80, 140 kwa 90. Kisha hamia kwenye safu ya upumuaji. Mwenye pumu, mwenye moyo uliopanuka na mwenye afya njema, je, wote wanapumua mara 18 au 20 kwa dakika, asubuhi na jioni, mwezi mzima? Hakuna aliyehesabu.

Wengi wanaojaza madaftari hayo si wavivu. Wanaamka saa kumi alfajiri, wanaogesha watu wazima wazito kuliko wao, wanabadilisha mashuka, wanalisha, na katikati ya hayo wanatakiwa kujaza safu sita kwa kila mkazi. Wanachojifunza mapema ni kwamba safu tupu huleta maswali, lakini safu iliyojazwa haiulizwi chochote. Hakuna anayefungua ukurasa wa jana. Daktari akija, mara moja kwa mwezi pengine, anapima upya mwenyewe bila kugeuza karatasi. Mlezi akiona hivyo miezi mitatu mfululizo, anafikia hitimisho ambalo hata mimi ningelifikia: namba hizi ni za kumridhisha mkaguzi.

Hoja yangu ni kwamba vituo vyetu vya Kampala havikosi vipimo. Vinakosa msomaji wa vipimo, na vinamkosesha mlezi ruhusa ya kufanya jambo pale namba inapobadilika. Mashine ya tano haiwezi kuziba pengo hilo.

Makao ya wazee mjini hapa ni machache. Yanayojulikana zaidi ni ya Nalukolongo, Mapeera Bakateyamba, yaliyoanzishwa mwaka 1978 na Kadinali Emmanuel Nsubuga na kuhudumiwa na Masista Wasamaria Wema. Papa Fransisko aliyatembelea Novemba 2015 alipokuja Uganda. Lakini walio wengi kati ya waliokula chumvi nyingi wanatunzwa nyumbani, Ntinda, Kira, Makindye au Bweyogerere, na mjukuu, shangazi au msichana aliyeajiriwa, na nesi anayepita mara mbili kwa wiki. Ninaposema makao, nawaweka hao wote humo, kwa sababu daftari ni lile lile na tatizo ni lile lile. Tuko katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawajafikisha miaka 20. Muuguzi wetu anasomea malaria ya watoto, uzazi, na majeraha ya barabarani. Mwili wa mtu wa miaka 84 anakutana nao kazini, na anajifunza peke yake.

Inaniuma hasa kwa sababu mji huu una historia ndefu ya kuandika vizuri. Albert Cook alipofungua hospitali ya Mengo mwaka 1897, alianza kuandika taarifa za kila mgonjwa aliyelazwa, kwa mkono, na kuzihifadhi. Ni katika wodi hizo, mwaka 1901, yeye na nduguye Jack walipotambua wagonjwa wa kwanza wa malale nchini. Na mwaka 1964, madaktari walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchambuzi wa saratani katika jamii ya Kampala kuanzia 1897 hadi 1956, kazi iliyowezekana kwa sababu karatasi za Mengo zilikuwepo na zilikuwa na ukweli. Aliyeandika alikuwa ndiye atakayemwona mgonjwa huyo kesho yake, na alihitaji kujua jana ilikuwaje. Aliandika ili asome. Makao ya leo yenye simu za kisasa kila mfukoni yanaweza kujifunza kutoka kwa karatasi hizo.

Tuanze na joto la mwili, kwa kuwa hapo ndipo kitabu cha shule kinapotupotosha zaidi. Tumefundishwa kwamba homa inaanzia 38. Mzee dhaifu mara nyingi hafiki huko hata akiwa na nimonia nzito. Mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani kuhusu wakazi wa makao ya wazee, uliotolewa mwaka 2008, unashusha kizingiti: kipimo kimoja cha mdomoni kinachozidi nyuzi 37.8, au vipimo vinavyorudia kuzidi 37.2, au kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya kawaida ya mtu mwenyewe. Kigezo hicho cha mwisho ndicho kizito kuliko vyote. Jjajja, yaani babu au bibi, ambaye asubuhi zote huwa na 36.1 akifika 37.3, huyo ana homa. Jirani yake mwenye kawaida ya 36.9 akifika 37.3, mpe maji ya kunywa na umpime tena jioni. Namba moja, watu wawili, majibu mawili. Na hakuna njia ya kutofautisha majibu hayo kama hukuandika kawaida ya kila mmoja siku akiwa mzima.

Kampala inaongeza ugumu wake. Homa hapa ina jina moja mdomoni mwa kila mtu: malaria. Mzee akipata joto, kipimo cha haraka cha malaria hufanywa, na hilo ni sahihi. Tatizo ni kinachofuata kipimo kikionyesha hana. Mara nyingi hakifuati kitu, au hufuata dawa za malaria hivyo hivyo, "labda wadudu wamejificha". Mapafu hayasikilizwi, mkojo hauangaliwi, kidonda cha mgongoni hakifunuliwi. Na upande wa pili, mzee asiye na joto lolote, ambaye amekataa uji siku mbili na ameanza kumwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake, anaandikwa "hali nzuri" kwa kuwa kipimajoto kimesema 36.4.

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu kwa siku, ningechagua pumzi. Mwaka 1982 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba kwa wazee kasi ya kupumua hupanda kabla maambukizi ya mapafu hayajatambuliwa na daktari. Mwongozo ule wa 2008 unasema mkazi anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika apimwe oksijeni na aangaliwe kama ana nimonia. Kipimo hiki hakihitaji betri, hakihitaji umeme, hakiharibiki mvua ikinyesha. Kinahitaji saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja kamili ya utulivu. Dakika moja hiyo ndiyo inayoibwa. Mlezi anahesabu sekunde kumi na tano na kuzidisha kwa nne, au hahesabu kabisa, na 18 inaingia kwenye daftari.

Namna ya kuhesabu inafundishika kwa mchana mmoja. Shika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo ya moyo. Yahesabu kweli kwa dakika nzima, ukisikiliza kama yanakwenda kwa mpangilio au yanarukaruka. Kisha usiuachie mkono. Bila kumwambia jjajja lolote, hamisha macho kwenye kifua au tumbo lake, uhesabu dakika ya pili. Mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa, hubadilisha namna anavyopumua, mzee kwa kijana. Na ule mkono ulioshika una kazi nyingine: unajua ngozi ni baridi au ya moto, imelowa jasho au imekauka. Mashine ya presha ya betri nayo hukosea moyo ukiwa unadunda bila mpangilio, jambo la kawaida uzeeni, kwa hiyo vidole vya mlezi vinabaki kuwa shahidi wa pili. Mkumbuke pia kwamba baadhi ya dawa za presha na moyo huyazuia mapigo yasipande hata mgonjwa akiwa hatarini. Mzee anayemeza atenolol anaweza kuwa na maambukizi ya damu na mapigo 76.

Oksimita, kile kibanio cha kidoleni, kiliingia majumbani mwetu wakati wa wimbi kali la COVID-19 katikati ya mwaka 2021, na kimebaki. Nakipenda, lakini kina jambo ambalo kila anayekitumia Afrika anapaswa kulijua. Mwezi Desemba 2020, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa kibanio hicho na damu iliyochotwa mshipani. Kati ya vipimo ambavyo kibanio kilionyesha oksijeni ya kuridhisha, kati ya asilimia 92 na 96, wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo. Kwa wagonjwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Mwanga wa kibanio unapita kwenye ngozi, na ngozi yenye rangi nyingi huchanganya hesabu yake. Wagonjwa wale walikuwa Marekani. Wakazi wetu karibu wote wana ngozi hiyo.

Hatua ya maana hapa ni kubadilisha namna ya kukisoma, kukitupa hakutasaidia. Kwanza, rangi ya kucha itolewe na mkono upashwe joto. Pili, usubiri mpaka namba itulie. Tatu, na hili ndilo lenye uzito, 93 ya kibanio isimtulize mtu ikiwa pumzi ni 28. Vipimo viwili vikigombana, sikiliza kile kinachotisha. Na tena tunarudi kwenye kawaida ya mtu: mkazi aliyekuwa 97 wiki zote akishuka hadi 93 ameshuka, hata kama 93 inaonekana nzuri kwenye bango la ukutani.

Presha ndiyo inayopimwa zaidi na kueleweka vibaya zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 uligundua kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda wana presha ya juu, na kati yao waliokuwa wanajua ni asilimia 7.7 tu. Maana yake kwa makao ya wazee ni kwamba wakazi wengi wanafika mlangoni bila historia yoyote iliyoandikwa, wengine wakiwa na mfuko wa dawa wasizojua zilianza lini. Siku ya kwanza mzee amechoka na safari, ana hofu ya mahali pageni, na namba inayoandikwa siku hiyo inakuwa msingi wa dawa za miaka miwili. Pima kwa siku kadhaa za utulivu, asubuhi na jioni, kabla hujamwandikia mtu kawaida yake.

Halafu kuna mkanda wa mkononi. Vituo vingi vina mkanda mmoja, wa saizi ya kati, kwa mikono yote. Utafiti uliofanyika Baltimore na kuchapishwa mwaka 2023 ulipima makosa yake: mtu mwenye mkono mnene sana akifungwa mkanda wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu milimita 20 zisizokuwepo. Mkono mwembamba hufanya kinyume, namba hushuka kwa milimita tatu au nne. Mama mnene wa Kibuye anaongezewa dawa asizohitaji kwa ajili ya kitambaa. Mkanda mkubwa unagharimu kidogo kuliko kulaza mtu aliyeanguka bafuni.

Na kuanguka ndiko kunakonisumbua. Tunapima presha mzee akiwa ameketi, tunafurahi kuona 130, halafu anainuka na kuanguka. Presha ikishuka kwa milimita 20 za namba ya juu, au 10 za chini, ndani ya dakika tatu za kusimama, huo ni ugonjwa wenye tiba, na tiba yake mara nyingi ni kupunguza dawa. Ukiugundua umeokoa nyonga. Apimwe amelala baada ya kupumzika dakika tano, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu, mtu wa pili akiwa karibu kumshika. Kuna pia mshuko wa baada ya chakula, ambao hauzungumzwi hapa kwetu hata kidogo. Kwa wazee wengi wa makao, presha hushuka ndani ya saa mbili baada ya kula, hasa mlo mkubwa wa wanga. Fikiria sahani ya matooke, wali na viazi saa saba mchana, vidonge vya presha vilivyomezwa pamoja nayo, kisha safari ya chooni saa nane. Kituo kinachoandika saa ya kila anguko kwa mwezi mmoja kitaona mpangilio huo chenyewe, na kitahamisha vidonge na kugawa mlo bila kumsubiri mtaalamu kutoka hospitali ya Mulago.

Mpaka hapa nimezungumzia namba. Utafiti ulionibadilisha zaidi fikra umetoka karibu nasi, hospitali ya Kitovu mjini Masaka. Madaktari na wauguzi wa pale, wakishirikiana na John Kellett, daktari aliyefanya kazi miaka mingi Ireland, wamekuwa wakipima kwa zaidi ya muongo mmoja ni ishara zipi zinatabiri kifo kwa wagonjwa wanaolazwa. Walianza na alama za Uingereza zinazojumlisha pumzi, mapigo, presha, joto na oksijeni, na mwaka 2013 walionyesha kwamba zinafanya kazi hata katika hospitali yenye vifaa haba. Kisha wakauliza swali la busara: kwa wauguzi wachache waliopo, kipi cha chini kabisa kinatosha? Walifika kwenye mambo matatu: akili ya mgonjwa iko sawa? Anaweza kutembea? Oksijeni yake ikoje? Mawili kati ya hayo matatu hayahitaji kifaa chochote.

Wagonjwa wa Kitovu walikuwa watu wazima wa rika zote waliofika wakiumwa, hawakuwa wazee wa makao. Naamini hata hivyo kwamba somo lake linatuhusu sisi zaidi ya mtu yeyote, kwa sababu kituo cha wazee kina kitu ambacho wodi ya mapokezi haina: mlezi anayemjua mtu huyu tangu mwaka juzi. Anajua kwamba jjajja huyu huenda mwenyewe hadi kwenye kiti cha ukumbini kila asubuhi. Asubuhi asiyokwenda, jambo limetokea. Waingereza wameliweka hilo kwenye karatasi rasmi ya makao yao, inayoitwa RESTORE2: kwanza mlezi anaandika mabadiliko madogo, kama kula kidogo, kulala zaidi, kuchanganyikiwa, kutotaka kuinuka; hayo ndiyo yanayoamuru vipimo vichukuliwe, na vipimo vinaamuru nani aitwe. Sisi tumeanzia mwisho. Tunapima wote saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ni saa kumi na mbili, na maneno ya mlezi, "leo si yeye", hayana safu.

Ningependa safu hiyo iwe ya kwanza. Karatasi moja kwa kila mkazi, ikae kwenye jalada lake, na juu kabisa iwe na kawaida yake: pumzi, mapigo, presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, joto la asubuhi, oksijeni, uzito, anatembeaje, anazungumzaje, anamtambua nani. Chini yake vipimo vichorwe kwa nukta na mstari, kama chati za zamani za joto, kwa kuwa jicho huona mstari unaopanda siku tatu hata pale kila namba, ikisomwa peke yake, inaonekana salama. Mkazi aliye imara apimwe mara moja kwa wiki, kwa uangalifu, badala ya mara mbili kwa siku kwa kubahatisha. Uzito kila mwezi: kupoteza asilimia 5 ndani ya mwezi, au 10 ndani ya miezi sita, ni kengele kubwa kuliko presha nyingi. Aliyebadilika apimwe kila baada ya saa nne mpaka atulie au aondoke kwenda hospitali. Na zamu ikikabidhiwa, karatasi za waliobadilika zisomwe kwa sauti, wawili wakiwa wamesimama pale kitandani.

Kuna wakati wa kuacha kupima pia. Mtu anayekaribia mwisho wake, familia ikiwa imekubali kwamba hatapelekwa tena hospitali, hana haja ya kukandamizwa mkono kila asubuhi. Kwake kipimo ni maumivu. Na hapa Uganda ina jambo la kujivunia. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ofisi zake zikawa Makindye, na morfini ya maji, iliyochanganywa kutoka unga, ikaanza kufika majumbani kwa bei ambayo nchi maskini inaweza kuimudu. Mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini wenyewe. Wengi duniani waliona ni hatari. Haikuwa hatari; ilikuwa huruma iliyopangwa vizuri, yenye mafunzo, daftari na usimamizi.

Hatua ile ya 2004 naikumbuka kila ninapomwona mlezi amesimama ukumbini saa nane usiku akiwa na namba mbaya mkononi na hajui afanye nini. Nchi iliyomwamini muuguzi na morfini inashindwaje kumwamini mlezi na simu? Katika vituo vingi nilivyovipitia, mlezi wa usiku anampigia msimamizi, msimamizi anampigia mkurugenzi, mkurugenzi anampigia mtoto mkubwa wa mzee, na mtoto mkubwa, kama simu yake haikuzimwa, anauliza kama haiwezekani kusubiri asubuhi. Asubuhi kuna msongamano wa Entebbe Road. Mlezi akijaribu kuruka ngazi moja, anakaripiwa. Mara nyingine atafanya lile alilofundishwa na karipio: ataandika 18 na kurudi kukaa.

Wizara zetu zina sehemu yao. Mambo ya wazee yako chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ambayo ndiyo inayosimamia pia posho ya wazee iitwayo SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi. Wauguzi wanasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, upande wa afya. Makao ya wazee yanakaa katikati, yenye vitanda kama hosteli na wagonjwa kama wodi. Mkaguzi wa upande mmoja huangalia magodoro na vyoo. Wa upande mwingine huangalia vyeti vya wauguzi na kabati la dawa. Ningetaka mmoja wao, yeyote, apewe kazi ya kuchagua wakazi watano, kufuatilia kila namba iliyotoka nje ya kawaida yao mwezi uliopita, na kuuliza nani aliitwa, saa ngapi, na akafanya nini.

Lakini nguvu kubwa iko kwa wanaolipa ada, na wengi wao hawako Kampala. Waganda wengi wa Waltham, jimbo la Massachusetts, wanafanya kazi katika makao ya wazee ya Wamarekani. Wanahesabu pumzi za wazee wa watu usiku kucha na wanajua barabara kazi hii inavyotakiwa kufanywa. Nyumbani wanatumiwa picha ya daftari kwenye kundi la WhatsApp la ndugu. Mmoja yuko London, mwingine Dubai, wote wanaona 152 na wanaanza kubishana kuhusu amlodipine, dawa ya presha. Musawo, yaani daktari au nesi, anashinikizwa kubadilisha dawa kwa ajili ya namba moja ya jioni. Picha hiyo yenye jina la mama yao inasambaa kwa shemeji na marafiki, ingawa sheria ya ulinzi wa data binafsi ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa za kulindwa zaidi.

Ndugu hawa wangefanya kazi kubwa kama wangeacha kuomba picha na wakakaa, mara moja tu, na kituo kuandika makubaliano. Mama akipumua mara 25 au zaidi kwa dakika, akishindwa kuinuka ghafla, akianza kupotewa akili, au joto lake likipanda kwa nyuzi 1.1 juu ya kawaida yake, aende hospitali gani: Nsambya, Rubaga, Mengo? Dereva ni nani usiku, na namba ya pili ya dereva ni ipi? Ndugu yupi anaarifiwa, akiarifiwa gari likiwa tayari barabarani? Karatasi hiyo isainiwe na wote. Fedha za gari na za amana ya hospitali zikae kituoni, kwenye bahasha yenye jina la mkazi, na mlezi wa zamu awe na ruhusa ya maandishi kuifungua bila kupiga simu Waltham kwanza.